Uvumi Usiobeba Buku

Kamalondo, Élisabethville
Jumatatu, tarehe 14 Mei 1951

Kwa Bwana Mhariri Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima yote ambayo karatasi ya mistari inaweza kubeba. Mimi ni Godefroid Ngosa, karani wa bohari ya mbao. Nimemaliza sekondari kwa Mapadri, na kila jioni nina desturi ya kuandika mambo ya siku pamoja na tarehe yake. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nataka tu ujue kwamba tarehe nitakazozitaja hazikutoka bombani, mahali ambapo habari zote za mtaa wetu hutoka pamoja na maji, na mara nyingi hutoka hata maji yakikatika.

Ninaushitaki uvumi, kwa sababu umenizuia kuoa. Nilikuwa nifunge ndoa na Victorine, binti wa Baba Alphonse Kalaba wa reli, Jumamosi ya tarehe 5 Mei. Siku hiyo imepita. Suti iko msumarini, bibi arusi yuko kwa baba yake, na Kamalondo nzima inajua kwamba mimi ni mutumbula.

Kwa wasomaji wako wa mbali nieleze. Batumbula, inasemwa, ni watu wanaowakamata wenzao usiku kwa faida ya Wazungu fulani. Mtu hupasuliwa tumbo kama samaki, hutiwa chumvi, hufungwa ndani ya mikebe na kuuzwa. Nani amewahi kuwaona? Hakuna. Nani asiyewajua? Hakuna.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Uvumi haujui lugha. Mwezi wa pili nilipata sanduku la barua pale Posta, kwa ajili ya masomo ya kupiga mashine ya kuandika ninayoletewa kutoka Brussels. Wabelgiji huliita sanduku hilo boîte. Sisi tunasema bwate. Kwa moyo mwema nilisimama nje ya kanisa baada ya Misa, nikawatangazia majirani kwamba mwenye kutaka barua zake zifike salama aniletee jina lake na la baba yake. Maneno yangu nayakumbuka vizuri, kwa kuwa tangu hapo nayasikia kila siku katika vinywa vya wengine: "Unipe jina, miye nitakutia mu bwate yangu."

Sasa, Bwana Mhariri, mkebe wa nyama ya dukani nao ni bwate. Kifaransa kina maneno maelfu na maelfu, lakini wenyewe waliona lile moja litoshe kwa barua na kwa nyama. Ubahili wao ninaulipa mimi.

2. Uvumi una mashahidi wasioshuhudia kitu. Wa kwanza kuniletea jina alikuwa Jeannot, seremala, kijana mrefu mwenye masikio ya kutosha watu wawili. Wiki iliyofuata akaenda Sakania kumzika mjomba wake, bila kuaga. Hazikupita siku nyingi, Mama Marceline, anayeuza kinywaji cha munkoyo karibu na bomba, aliingia duka la Mgiriki akaona mkebe wa nyama wenye picha ya mpishi mweusi anayecheka. Akatazama masikio. Alirudi bombani na ndoo tupu, akawaambia wenzake kwa sauti ya chini: "Bamama, Jeannot iko kwa Mugiriki, pale pa juu, karibu na sabuni. Na anacheka."

Hakuna aliyemwuliza iliwezekanaje mtu akamatwe Kamalondo, apelekwe Ulaya, achorwe, achapwe rangi tatu na arudi kwa reli kabla hata ya Jumapili, katika mji ambao barua ya kutoka Jadotville, mji wa jirani tu, huchukua wiki nzima. Walichouliza ni kama Mgiriki ana mikebe mingine.

3. Uvumi hauoni haya. Jeannot alirudi mzima. Nilimshukuru Mungu, nikamshika mkono, nikatembea naye mtaa kwa mtaa kama Padri anayezungusha Sakramenti. Watu walimtazama. Walimbonyeza mabega. Kisha wakakata shauri kwamba batumbula wamemwachilia kwa kuwa amekonda, bwate isingejaa.

Lakini lililoniudhi zaidi ni Jeannot mwenyewe. Jioni ya kwanza alikana. Jioni ya pili alisema hakumbuki vizuri. Jioni ya tatu nilimkuta baa, bia za watu zimepangwa mbele yake, akieleza jinsi alivyoruka dirishani na chumvi bado iko mgongoni. Nilipomvuta kando alinijibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto.

"Ba Godefroid, musikasirike. Miye nilienda kwa kilio. Nani atanunulia muntu bia juu ya kilio? Na jina yenu sikulitaja. Nilisema tu, karani moja mwenye bwate."

Karani mwenye bwate katika Kamalondo yote ni mmoja.

4. Uvumi ukiitwa hauitiki. Matangazo ya ndoa yetu yalisomwa kanisani Jumapili tatu, tarehe 15, 22 na 29 Aprili. Kila mara Padri alisema kwamba mwenye kujua kizuizi cha ndoa hii aseme. Kanisa lilijaa hadi mlangoni. Mama Marceline alikuwa benchi la pili. Hakuna aliyesimama; hata wenye kifua hawakukohoa. Uvumi uliitwa hadharani, kwa heshima, mbele ya altare, nao ukabaki umepiga magoti unasali rozari.

Misa ya tatu ilipokwisha, kabla Padri hajavua mavazi yake, Baba Kalaba alikuwa amekwisha kuzungukwa na ndugu wa mke wake. Akanijia amekunja kofia mkononi. Yeye ni mtu wa haki, amefunga mabehewa miaka yote ya maisha yangu, na hakuweza kunitazama machoni.

"Mwanangu, miye siamini," alisema. "Lakini bibi yangu anaamini, bandugu banaamini, na miye niko nakaa nao. Ungoje kidogo, maneno ipoe."

Maneno hayajapoa. Victorine hatumwi tena bombani peke yake. Nikipita mbele ya nyumba yao, mama yake humwita ndani kama mtu anayeanua nguo mvua ikija. Nami nina miaka thelathini na mmoja, Bwana Mhariri. Mwanamke ninayemtaka ni huyo, na ananitaka. Alinipungia mkono juzi nyuma ya mgongo wa mama yake, na kwa ajili ya mkono ule ninaiandika barua hii.

5. Uvumi umewahi kusema kweli, na hilo ndilo tusi kubwa kuliko yote. Lazima niliseme, maana mshitaki mwaminifu hafichi ushahidi. Baba yangu mdogo, Émile, alikwenda na askari upande wa Abisinia wakati wa vita. Habari ya kifo chake ililetwa na mtu wa treni aliyeisikia kwa mtu wa treni. Tulilia, tukalala chini, tukamaliza kilio. Karatasi ya serikali ilikuja zaidi ya mwaka baadaye. Jina lilikuwa limekosewa, na mjane akaamriwa aweke kidole kuonyesha kwamba ameelewa.

Sasa mjane kama huyo nimwambie nini? Asisikilize ya bombani, asubiri ubao wa matangazo? Ubao wa matangazo wa mtaa wetu unasomwa na mbuzi tu, kwa kuwa wanapenda gundi yake. Malori huchukua vijana alfajiri na hakuna anayewaambia mama zao yanakwenda wapi. Uvumi umekalia kiti ambacho wakubwa wamekiacha wazi. Hilo nalikubali. Sikubali unikalie mimi.

6. Uvumi hautii hata sheria moja kati ya zile tunazozitii sisi sote. Mtu mweusi wa mji huu hubeba buku yake mfukoni, yenye jina, baba, kijiji na kazi. Akitoka Sakania lazima awe na ruhusa. Huchanjwa, hulipa kodi, na saa tatu ya usiku awe ndani kwake. Uvumi hutoka Sakania kila siku bila ruhusa, hupanda treni bila tiketi, hutembea mtaa wa Wazungu saa tano ya usiku na kuingia majikoni mwao kwa mlango wa nyuma. Haujachanjwa, ingawa unaambukiza kuliko ndui. Polisi anayenisimamisha mimi nikitoka masomo ya jioni na kufungua hata kalamu yangu kutazama ndani, uvumi humpita katikati ya miguu. Siku nyingine huubeba yeye mwenyewe.

Kwa hiyo naomba gazeti lako liitake serikali ifungue Ofisi ya Uvumi. Kila uvumi uandikishwe na upewe buku yenye picha. Usiojulikana baba urudishwe kijijini. Utakaokutwa nje baada ya saa tatu ulale kituoni, asubuhi ufagie barabara. Ukitaka kwenda Jadotville, uje uombe ruhusa dirishani na ungoje kama tunavyongoja sisi: leo karani amekwenda kula, kesho mhuri umepotea, kesho kutwa ulete barua ya mwajiri wako. Naapa kwamba kabla mwezi haujaisha uvumi wote wa Katanga utakuwa umekufa kwenye foleni ile, kama vingi vilivyokuwa na uhai vilivyokwisha kufia hapo.

Akikosekana mtu wa kuiongoza ofisi hiyo, mimi niko tayari. Nina mwandiko mzuri, na jioni zangu, kama ulivyoona, zimekuwa huru.

Sina zaidi. Upokee heshima zangu, umsalimu mama wa nyumbani na watoto, uwasalimu wapanga herufi wako, na wasomaji wako wote, pamoja na wale wanaonunua gazeti kwa ajili ya kufungia karanga. Nao ni watu, na ni wengi.

Mimi mtumishi wako katika ukweli,
Godefroid Ngosa, karani

P.S. Alhamisi, tarehe 17 Mei. Tafadhali usiichape barua hii. Naituma hata hivyo, kwa sababu stempu imekwisha kubandikwa.

Jana jioni Baba Kalaba alikuja kwangu mwenyewe, amevaa koti la Jumapili, Victorine na mama yake wakiwa nyuma yake. Hakuketi mpaka nilipomwomba mara mbili. Aliniita "mukwe wangu". Akasema familia nzima imekwisha kujua kwamba mwisho wa mwezi Bwana Administrateur wa serikali atanipa karte ya heshima, ile inayomruhusu mtu mweusi kutembea usiku, na kwamba hata bwate ya Posta ilikuwa alama yake ya kwanza, maana Wazungu hawampi bwate muntu wa bure. Bandugu ndio waliomtuma kuuliza tarehe.

Sijapewa karte yoyote. Sijaiomba. Nilifungua mdomo niseme hivyo, nikaona jinsi Victorine anavyonitazama, nikaufunga.

Nilipowasindikiza Victorine alibaki nyuma hatua chache, nikamwuliza kama anajua maneno haya yameanzia wapi.

"Weye uliandika barua mingapi, na maneno haikupoa?" aliniuliza. "Miye nilimuambia mama Marceline peke yake. Nikamuambia asiseme kwa muntu."

Ndoa ni Jumamosi, tarehe 26 Mei, saa nne ya asubuhi. Kuhusu ile Ofisi ya Uvumi, nafuta ombi langu. Kama serikali imekwisha kuipenda, basi isifunguliwe kabla ya Juni. Karibu sana arusini, Bwana Mhariri. Utakuwa meza ya mbele, karibu na baba mkwe. Akikuuliza kama habari ya karte ni kweli, sikuombi useme uongo. Tabasamu tu, kama mtu anayejua zaidi ya anavyoruhusiwa kusema.