Kocha wa Mke Wangu

Leo nimejianika mbele ya kina mama wa Lanet, mbele ya mke wangu, na mbele ya maiki iliyokuwa imewashwa. Kwa vile mtaisikia tu, heri muisikie kwangu kwanza.

Kwa wale hamnijui, mimi ni Baba Njoki, nina bucha hapa Lanet. Mke wangu ni Wairimu. Kuna wakati presha yake ilipanda kidogo, daktari akamwambia apunguze mafuta na chumvi, na asikae sana. Hapo hakuna shida. Shida ni kwamba pale ukumbi wa jamii, karibu na soko, walikuwa wameanzisha mafunzo ya afya kila Jumamosi. Watu wanafanya mazoezi, halafu wanaonyeshwa kupika chakula kisichoua mtu. Wairimu akaenda mara ya kwanza. Akarudi na neno moja mdomoni, na hilo neno halijatoka mpaka leo.

Kocha.

"Kocha amesema tusipike sukuma wiki mpaka ipotee rangi." Sawa. "Kocha amesema chapati ni za Jumapili." Ngumu, lakini sawa. "Kocha amesema nyama ni kipande kama kiganja cha mkono, si kilima." Hapo nikaweka kijiko chini. Mimi ni mtu wa bucha. Hii nyumba imejengwa na vilima vya nyama.

Polepole mboga za kienyeji, managu na terere, zikahamia kwa meza yangu. Siku moja nikaleta matumbo mazuri, yenye mafuta yanang'aa kama taa. Wairimu akachemsha, akaengua mafuta yote, akamwaga.

"Nani amekuambia umwage?" nikauliza. (Jibu nililijua kabla swali halijaisha.)

Hayo ya chakula ningevumilia. Lakini juzi jioni nilikuwa nakunywa chai yangu, yeye amesimama kwa kioo anajiangalia, akasema hivi, "Kocha ameniambia niko na magoti ya msichana."

Nimeishi na hayo magoti miaka mingi. Hakuna mtu alikuwa ameniambia yako na umri.

"Amejuaje?"

"Si aliyashika. Nilikuwa nakunja mguu vibaya. Akashika goti, akashika kiuno, akaniambia, 'Simama kama mtu ana mali.'"

Chai ilinitokea kwa pua. Wairimu akanipatia kitambaa, akarudi kwa kioo. Usingizi wangu tangu siku hiyo umekuwa wa kuazima. Nikifunga macho namwona Kocha. Mrefu. Tumbo hana. Anatembea akishika magoti ya watu.

Sasa leo asubuhi. Wairimu alivaa trakisuti mpya ya maruni, akapaka mafuta usoni, akajipulizia ile marashi ya kanisa.

"Unaenda mazoezi ama harusi?"

"Si ukuje uone? Nimekualika mara ngapi?"

"Niko na kazi."

"Haya basi. Nitamsalimia Kocha."

Akaenda akiimba. Nilikaa bucha nikikata mifupa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mwishowe nikatundika panga na kuanza kufunga mlango, na mnajua Jumamosi ndiyo siku ya nyama. Mama mmoja aliyekuja kutafuta mifupa ya supu akanishangaa. "Kwani kuna matanga?"

"Bado," nikamjibu.

Nilipitia nyumbani nikavaa jezi yangu ya mpira, ile nilinunua wakati kifua na tumbo zilikuwa vitu viwili tofauti. Ilikubali kuingia. Kushuka mpaka chini ndio ilikataa.

Nikafika ukumbini. Viti vimesukumwa kando, kina mama wamesimama kwa mistari wakipiga stori. Nyuma kuna meza ya sufuria, mboga na ndengu. Na mbele, kando ya meza ndogo na spika kubwa, nikamwona.

Alikuwa vile tu nilivyomwona usiku. Kijana mrefu, mikono imejaza shati, meno kama ya tangazo la dawa ya meno. Wairimu wangu alikuwa karibu naye, anacheka, anampatia chupa ya maji. Hayo maji nilichemsha mimi.

Sikuuliza mtu kitu. (Ningeuliza swali moja tu, saa hii ningekuwa mtu wa heshima zake.) Nilijipanga mbele kabisa ili anione. Hapo mbele kulikuwa na nyanya mmoja mwembamba, amevaa sketi juu ya trakisuti, kitambaa kichwani, anajinyoosha mikono polepole. Alikuwa ananizuia kumwona adui vizuri.

"Mathe," nikamwambia kwa upole, "keti hapo kando upumzike. Hii mambo itakuumiza."

"Asante, baba," akasema. "Nitapumzika tukimaliza."

Kina mama nyuma yangu wakakohoa wote pamoja. Nikafikiria ni vumbi.

Kijana akashika maiki. "Moja, mbili. Moja, mbili."

Kumbe imeanza. Nikachuchumaa kwa moja, nikasimama kwa mbili. Nikaona wengine wamesimama tu wananiangalia, nikajua hawa wamelegea, leo wataona mwanaume. Kijana akaendelea, "Moja, mbili, moja, mbili," na mimi chini, juu, chini, juu, macho yangu kwa yake. Yeye mwenyewe hakuwa anachuchumaa. Nikasema moyoni, huyu ni Kocha gani, kazi yake ni kuhesabia wenzake.

Akainama kugusa waya. Nikainama. Akapiga magoti nyuma ya spika. Nikapiga magoti. Akatambaa akaingia chini ya meza. Hapo nilisita kidogo, lakini nikakumbuka kiuno cha Wairimu, nikatambaa nikamfuata.

Tukaangaliana huko chini.

"Mzee, kuna kitu umeangusha?" akaniuliza.

Kabla sijajibu, niliona viatu vya Wairimu. "Baba Njoki? Unafanya nini chini ya meza?"

Nikatoka. Kijana pia akatoka, akaweka maiki juu ya meza. Mapaja yangu yalikuwa yanawaka moto, jasho inaingia machoni, jezi imepanda mpaka kifuani. Na huyo kijana, hata tone la jasho hana, akamtabasamulia mke wangu. Kitu ikakatika ndani yangu. Nikaegemea hiyo meza na mikono miwili.

"Kijana, sikiza vizuri. Hayo magoti ni yangu."

Sauti yangu ikatoka kwa spika, kubwa, safi, ikagonga ukuta ikanirudia. Yangu. Yangu. Wale wa sokoni wanaouza viazi za Kuresoi waliinua vichwa. Niliwaona kwa dirisha. Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Lakini wivu ukishaanza kuongea haujui kufunga mdomo.

"Na hicho kiuno pia ni changu."

Kijana aliniangalia, akamwangalia Wairimu, akaangalia spika.

"Mzee, mimi nimeitwa kutengeneza hii spika," akasema. "Goti ya mtu sijashika." Akafikiria kidogo. "Lakini asante. Sasa najua imepona."

Yule nyanya wa sketi akainua mkono kama mtoto wa shule. "Magoti nilishika mimi," akasema. "Na kiuno. Karibu, baba. Mimi ndio Kocha."

Hiki Kiswahili chetu ndicho kiliniponza. "Amesema." "Ameshika." Hakuna mahali kinakuambia kama ni mwanaume ama ni mwanamke. Ndevu nilimpa mimi mwenyewe.

Nilitaka kuondoka na heshima iliyobaki. Nikachukua hatua moja, msuli wa paja ukajikunja, nikaenda chini kama gunia la mahindi. Kocha alikuja, akashika mguu wangu, akauvuta. Huyo mama alikuwa mwalimu wa michezo maisha yake yote, na ana mkono kama koleo. Nililia. Si kidogo. Maiki bado ilikuwa imewashwa.

"Pumua," akaniambia. "Na ukimaliza kupumua, utarudi kwa mstari. Bado hatujaanza."

Nilirudi. Ningeenda wapi? Kina mama wenye umri wa mama yangu walinipita nikiwaangalia migongo. Wakati wa kupika ulipofika, Kocha akauliza nani anajua kukata nyama. Mikono yote ikanionyesha. Nikapewa kisu, nikasimama mbele ya watu, nikakata vipande vya ukubwa wa kiganja, huku Kocha akieleza kwa nini mafuta yanawekwa kando. Kila kipande nilikikata kama mtu anayetia sahihi hukumu yake mwenyewe.

Tulitembea kurudi nyumbani na Wairimu. Njia nzima mabega yake yalikuwa yanatingika.

"Cheka tu," nikamwambia.

Akacheka mpaka akashika uzio wa watu. Halafu akajipangusa macho, akanishika mkono hapo hapo barabarani. Wairimu si mtu wa kushika mkono barabarani.

"Ulikuwa na wivu," akasema.

"Nilikuwa na wasiwasi."

"Baba Njoki, ukipanda ngazi ya kanisa unahema mpaka mchungaji anangoja. Nilikubembeleza ukuje, ukakataa. Nikakuambia ni ya afya, ukasema afya ni nyama. Nikajiuliza, huyu mtu anaweza kutolewa kwa bucha na nini?"

Nikasimama. "Kwa hivyo ulikuwa unajua vile nafikiria?"

"Mimi nilisema Kocha. Sikusema mwanaume."

"Na marashi?"

"Hiyo niliongeza leo. Niliona umechelewa."

Nilitembea nikichechemea, nimekasirika, na nimeshikwa mkono. Na nikiwa mkweli, kati ya hayo matatu, kushikwa mkono ndiko kulishinda.

Sasa niko kwa kiti, miguu ndani ya karai ya maji moto. Chai iko mezani na siifikii. Jumamosi ijayo nimeambiwa nipo, na kwamba spika hazitahitajika.

Kwa hivyo nawaomba, msiniandikie hapa chini maneno ya kunichekesha. Nimejaribu kucheka mwenyewe na mbavu zimekataa.