Idriss wa Katoyi na Komeo la Gereza

Jongeeni, enyi mkaao juu ya mawe meusi yaliyotemwa na mlima. Tueni masufuria, zimeni pikipiki, mpate kusikia habari za Idriss mwana wa Yuma, simba wa usukani, mpasua vumbi la barabara ya Sake, ambaye alasiri moja alisimama peke yake mbele ya gereza, na gereza likasalimu amri.

Idriss alikuwa dereva, mkazi wa mtaa wa Katoyi, na katika mwili wake mpana hofu ilikuwa imepata chumba kimoja tu cha kupanga. Zamani, kwa kosa lililofanywa na dereva wa lori lililofanana na lake, alilazwa mahabusu siku kadhaa. Siku alipotoka aliapa kwamba hatafungwa tena, na kwa hiyo mguu wake hautavuka kizingiti cha gereza, liwe zima au gofu, na kiapo hicho alikilinda kama sultani alindavyo mpaka.

Ndipo akaja kutoka Kindu Mama Mwasiti, dada mkubwa wa mkewe Alima. Mwanamke huyu, mshinda mito na matope, hakuingia mji wowote asiulizie posta ya zamani, baraza la zamani, na juu ya yote gereza la zamani.

"Ziwa kila mutu atakuonyesha," alisema, kikombe cha chai mkononi. "Kama unataka kujua muji, uliza walikuwa wanafunga banani, batu gani, na wapi."

Shemeji hakataliwi. Idriss akamwendesha hadi upande wa Lac Vert, lile ziwa dogo la kijani, ambako nyuma ya ofisi moja kilisimama kijumba cha mawe cha wakati wa Wabelgiji: ukumbi mwembamba, na mwishoni chumba kimoja cha wafungwa, ambacho siku hizi kilifunga viti vya harusi tu. Mlinzi, Papa Nsengimana, akamkaribisha mgeni kwa adabu, wakaingia wote wawili hadi ndani ya kile chumba. Idriss akabaki nje, mgongo kwenye gari, macho ameyakimbizia migomba ya jirani.

Upepo, msaliti asiye na sura, ukauvamia ukumbi. Mlango wa chuma wa kile chumba ukajibamiza, na komeo lake la nje likaanguka mahali pake, likatulia kama mtu aliyeshiba.

"Papa Idriss," sauti ya mlinzi ikatoka polepole, "niko na funguo zote huku ndani, lakini funguo haina kazi. Ni komeo njo imeanguka. Utusaidie."

Idriss akatazama barabara. Haikupita hata mbuzi.

"Ngojeni niite mutu," akasema.

"Na wewe ni nini, shemeji?" akauliza Mama Mwasiti.

"Mama, unajua nilishaapa."

Kisha binti wa Kindu akahutubu kupitia tundu la mlango: "Idriss, nisikilize vizuri. Sasa hivi mimi niko natembea tu, lakini matembezi ikifika mangaribi inakuwa kifungo. Wewe uliapa usifungwe. Hukuapa usifungue."

Neno hilo lilimpiga shujaa mahali ambapo hakuwa na ngao. Akavua viatu, hajui kwa nini, akavuka kizingiti. Harufu ya chokaa na kutu ikamlaki, harufu ileile ya mahabusu. Akasonga akiambaa ukuta hadi mbele ya adui: kipande cha chuma kisichozidi urefu wa mwiko wa bugali. Akavuta, chuma kikagoma. Akavuta tena, jasho likimwingia machoni. Ndipo akaona kwamba mlango umelala upande. Akauwekea bega, akaunyanyua kidogo, na komeo likapanda kwa kidole kimoja.

Mateka wakatoka. Papa Nsengimana akamshika mkono kwa mikono miwili. Mama Mwasiti hakushukuru bado. Alisogea tu kando ya mlango, akauegemea usijifunge.

"Ingia uone," akasema kwa upole. "Nimeshika."

Idriss akaingia. Akasimama katikati ya viti, akatazama kuta nne na dirisha la kiganja kimoja, akavuta pumzi, na pumzi ikaja. Akakaa kwenye kiti cha harusi, mikono magotini, kama bwana arusi anayengoja wenziwe.

"Kumbe ni kadogo," akasema. "Siku zote nilikuwa naona gereza ni kubwa."

Basi na isikike toka Katoyi hadi Kibati: wapo waliobomoa magereza kwa mizinga na baruti, na majina yao yamechongwa kwenye mawe, lakini Idriss mwana wa Yuma alilifungua lake kwa bega na kidole, peku, saa za chai. Na walipokuwa wakirudi mjini, ni yeye aliyeuliza kama baraza la zamani halijafungwa bado.