Ganda la Kipepeo na Kunguru wa Buxton

Jumapili, 31 Machi 1996. Jumapili ya Matawi

Tumepewa kazi kanisani. Mama Mchungaji amesema kila familia ichague kiumbe mmoja, imtazame pamoja juma hili takatifu, kisha siku ya Pasaka ieleze imeona nini. Familia itakayopendeza zaidi itatuongoza Jumatatu ya Pasaka kwenda Tudor kutazama mikoko.

Mwaka jana aliyetuongoza ni Bramwel, Baba Terry, anayekaa ghorofa ya juu yetu hapa Buxton. Alishika fimbo. Watu wazima walimfuata kama vifaranga, na mke wangu Mirriam alikuwa mbele yao wote.

Mwaka huu fimbo ni yangu.

Nimewaza wakati wa chakula. Kipepeo hutoka kwenye ganda kama mtu atokaye kaburini. Basi atoke mbele ya kanisa zima, katikati ya wimbo, mimi nikiwa nimeshika chupa. Mirriam ameuliza kipepeo atajuaje kwamba wimbo umefika katikati. Mke mwema. Haoni mbali.

Jumatatu, 1 Aprili

Baada ya kazi nimekwenda mtaa wa Kuze, pamoja na binti yetu Purity. Bi Mwanatumu, fundi wa nguo za Mirriam, ana mdimu ndani ya pipa uani, na kila siku hulalamikia viwavi. Tumeamkiana kwa kirefu. Tumenyweshwa kahawa. Ndipo nikaeleza shida yangu. Aliniuliza mara mbili kama kweli ni wadudu ninaotaka.

"Basi chukua wote, mwanangu," akasema. "Mungu akuzidishie."

Purity ndiye aliyeona maganda mawili, ambamo viwavi walikwisha kujifungia kungoja mabawa. Moja kijani, moja la rangi ya udongo. Nimekata kijiti chenye lile la udongo. La kijani ameomba tuliache mtini, lionekane linavyoishi. Sawa. La akiba. Lakini nimemwahidi kwamba hili letu ataliona likifunguka kwa macho yake.

Chupa ya achari, tundu kifunikoni, juu ya kabati. Safi.

Jumatano, 3 Aprili

Balaa. Purity anasema ganda linageuka jeusi na madoa ya bawa yanaonekana kwa ndani. Maana yake kipepeo atatoka kesho. Alhamisi! Nani atashangilia Alhamisi?

Nimefikiri haraka. Baridi hupunguza mwendo wa kila kitu. Chupa imeingia friji, nyuma ya samaki wa Ijumaa Kuu. Purity ameuliza kama hataumia. Nimemweleza kwamba anapumzishwa. Amenitazama kidogo, kisha akaenda kuchora mdimu.

Alhamisi Kuu, 4 Aprili

Nimepanda kwa Bramwel kuomba chumvi, kusudi nipeleleze. Kumbe wao wamechagua kunguru. Ndiyo, kunguru wa jaani. Terry na nduguye hukaa dirishani na kalamu, wakiandika nani kala nini. Bramwel amenikaribisha chai na kuniuliza sisi tunatazama nini. Nimesema mambo madogo tu. Nimemwonea huruma.

Nimerudi na kukuta chupa mezani. Mirriam hataki mdudu karibu na samaki wake. Nimengoja aingie kuoga, nikairudisha.

Jumamosi, 6 Aprili

Nitaandika kwa ufupi.

Asubuhi nimemtoa ili apate joto, aamke taratibu, awe tayari kesho. Chupa ilikuwa imeloa ndani. Nimekitoa kijiti na kukichomeka kwenye waya wa dirisha, juani. Kisha nikaenda kwenye kioo kufanya mazoezi ya kuelekeza kwa fimbo. Nilitumia mti wa fagio.

Purity akaniita. Sauti yake ilikuwa ya chini. Nilipofika, kunguru alikuwa anavuka paa la jirani, kijiti mdomoni.

"Baba, uliniahidi," akasema.

Nikamwambia ndivyo Mungu anavyowalisha ndege wa angani. Akaingia chumbani kwa mamake.

Baadaye. Nimepata njia. Chupa tupu. Kaburi tupu. Kwani kuna ubaya gani?

Jumapili, 7 Aprili. Pasaka

Niliomba kuwa wa kwanza. Nikainua chupa, nikasema tulimtunza juma zima, na leo alfajiri tukakuta hayumo, ameondoka. Mzee mmoja akasema amina. Wengine wakapiga makofi. Mirriam alikuwa anatazama viatu vyake, na Purity alikuwa ananitazama mimi.

Kisha ikaja zamu ya Terry kusoma habari za kunguru. Jumatatu, kichwa cha papa. Jumatano, sabuni. Akafungua ukurasa mwingine, akasoma kwa sauti safi: "Jumamosi, kabla ya chakula cha mchana. Kunguru mwenye mguu mbovu amechukua kijiti chenye ganda la kipepeo kutoka dirisha la Baba Purity. Amekula ganda. Kijiti amekitupa."

Kanisa zima likacheka. Mama Mchungaji alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, lakini mabega yake niliyaona.

Nje, Bramwel alinifuata. Alisema hakujua watoto wameandika hilo, nimwie radhi. Alikuwa na huzuni ya kweli, jambo lililoniudhi zaidi.

Purity akanishika mkono. Akasema twende Kuze.

Bi Mwanatumu alitupokea mlangoni kwa kunong'ona. "Njooni polepole. Anatoka huyo."

Ganda la kijani lilikuwa limepasuka. Kipepeo alining'inia chini yake, mabawa yamekunjamana kama kitambaa kilichofuliwa. Tuliketi mkekani, sisi watatu. Yakanyooka kidogo kidogo, meusi yenye manjano. Purity aliegemea bega langu. Sikuwaza juu ya fimbo.

"Na hawa ndio wanaonimalizia majani," akasema Bi Mwanatumu. Kipepeo akaruka juu ya ukuta.

Purity akaniambia nimesamehewa. Nimeazimia kuanzia leo kuwaacha viumbe wa Mungu mahali pao.

Jumatatu ya Pasaka, 8 Aprili

Tudor. Bramwel ameongoza, na ameongoza vizuri, ni lazima nikiri. Maji yalikuwa yamekupwa. Kwenye tope, chini ya mikoko, kaa wadogo kwa mamia, kila mmoja akiinua gando moja kubwa na kulishusha, akiliinua na kulishusha. Sawasawa na watu wanaosifu.

Pentekoste haiko mbali.

Nimebaki nyuma ya wenzangu kidogo. Sasa kaa kadhaa wako chini ya kitanda, wamefunikwa kwa taulo, na wanakwaruza. Mirriam ameuliza ndoo yake ya kufulia iko wapi. Nimemwambia ameiazima Baba Terry.