Udi Usioita Zimamoto

Habari aliisoma Damas, Mtanzania ambaye kijiwe kizima kilimwita Injinia, maana alisomea mitambo na haikupita siku bila kuwakumbusha watu.

"Sikilizeni, jamani. Brooklyn Park. Magari matatu ya zimamoto yalikimbilia jengo la ghorofa, wapangaji wakasimama kwenye theluji na nguo za kulalia. Moto haukuonekana. Wanasema kulikuwa na harufu nzuri isiyojulikana ilikotoka."

Meza ya dirishani katika mgahawa wa Pamela, hapa Brooklyn Center, ikageuka kumtazama Abdulghani, mkaazi wa Brooklyn Park ambaye nyumba yake haikosi udi.

"Mbona mwanitazama mimi?"

"Buda, harufu poa Brooklyn Park ni ya nani?" akauliza Wanjala, dereva wa lori aitwaye Gia Kumi. "Ama ni mimi na diesel yangu?"

Kuanzia hapo jina la Abdulghani likawa Zimamoto. Hakucheka. Meneja wa jengo alishamwandikia barua: kengele ya moshi ikilia tena kwa mkaa wako, hama. Na leo baada ya Alasiri wazee wa kina Faiz walikuwa wanakuja kumposa binti yake, Nasima, na mkewe Ummulkheir ameapa kuwa hapokei mgeni wa posa katika nyumba isiyofukizwa udi. Bora wakute hatuna viti, alisema, kuliko wakute hatunukii.

"Lakini dawa nimepata," akasema Abdulghani, akatoa mfukoni kijisanduku cha mbao, kinaenea kiganjani, kimepakwa mafuta kikang'aa. "Chetezo cha betri. Hakina mkaa, hakina moshi. Nimekiagiza mtandaoni. Wasukuma betri hapa, huu wavu wa chuma wapata moto, harufu yatoka."

Damas akakipokea, akakipinduapindua. "Kimeundwa vizuri. Mti mgumu, kifuniko kinateleza. Sasa huu mrija wa kioo ni wa nini?"

"Wa kuelekeza mvuke kwenye kanzu."

Wanjala akapaliwa na mahamri. "Zimamoto! Hiyo kitu niliiona Anoka, kwa dirisha ya duka ya bangi! Hiyo ni ya kuvuta, bro!"

"Astaghfirullah! Punguza sauti!" Abdulghani alitazama huku na huku. "Kisu ni kisu, chachinja mbuzi na chakata kitunguu. Bangi na mimi wapi na wapi? Mimi namuoza mwanangu kwa Faiz, kijana ambaye hata sigara hajui yashikwa upande gani. Nimemchunguza miezi minne. Nimemuuliza imamu, nimemuuliza bosi wake, nimewauliza majirani."

"Haya, washa tunuse," akasema Damas.

Abdulghani akasukuma betri. Kimya. Akasukuma tena, akakipiga kwenye goti. Kimya. Ikabidi akiri: jana alikijaribu kwa udi wa Ummulkheir, ule anaoupika mwenyewe kwa sukari na marashi. Kilinukia dakika mbili, kikazimika.

"Sukari!" Injinia akashika kichwa. "Mzee, umepika kashata ndani ya kifaa cha umeme! Kichemshe."

"Nichemshe mbao ipinde?"

"Piga na brake cleaner, ile dawa ya kuosha breki," akasema Wanjala. "Hiyo hutoa hadi dhambi."

"Wakwe zangu wanuke gereji?"

Simu ikalia. Alikuwa Ummulkheir.

"Udi u wapi?"

"Waja."

"Wanaokuja ni wageni, Abdulghani. Mimi nauliza udi."

Akaikata simu. Alihisi aibu ya kweli, ya mzee anayekaribia kumharibia bintiye siku kwa sababu ya kijisanduku. Mlango ukafunguka na baridi ikaingia pamoja na Faiz mwenyewe, kanzu mpya chini ya jaketi nene, ametumwa na wazee wake kuchukua sinia la halua.

"Shikamoo, baba." Kisha macho yake yakaangukia kile kijisanduku mkononi mwa Abdulghani. "Kimeganda hicho? Nipeni."

Kabla hajajibiwa alishakifungua. Kwenye bunda la funguo zake ilining'inia brashi ndogo, nywele zake zimeisha kwa kazi. Akaomba spiriti na pamba kwa Pamela.

"Wavu hausuguliwi kwa kisu, wakatika," alieleza huku mikono ikienda yenyewe. "Spiriti kidogo tu, wauacha ukauke. Betri huchafuka huku chini, waifuta. Mbao waipaka nta kila mwezi, maji hapana. Na usisukume betri zaidi ya sekunde tano kabla hujavu..."

Akaifuta betri mara ya pili.

"Kabla hujafukiza," akamalizia.

Abdulghani akatia chembe ya udi. Wavu ukawaka wekundu, na harufu ya nyumbani kwake ikajaa mgahawa mzima, wala kengele haikulia.

Abdulghani aliitazama ile brashi, iliyochakaa kwa kusafisha vifaa kama hiki. Miezi minne, imamu, bosi, majirani, na hakuna aliyemwambia akague funguo. Hasira ilimpanda. Lakini akimuuliza kijana amejifunzia wapi, kijana naye atauliza kifaa hiki kinatafuta nini mfukoni mwa mkwe.

"Faiz, baba," akasema taratibu. "Wewe hukunikuta nacho. Mimi sikukuona ukikifungua."

"Sawa, baba."

"Brashi nipe. Kuanzia leo chetezo cha namna hii katika ukoo wetu ni kimoja tu, na kitakaa kwa mama yake Nasima."

Faiz akaichomoa brashi kwenye funguo polepole, kama mtu anayevua pete, akaiweka mezani.

"Wazee," akasema Gia Kumi, akiinua kikombe, "mahari imeanza kulipwa."