Nyanya Zangu Zina Sura Nzuri Mno

Jumatatu, 6 Mei
Nyanya zimeiva. Nyekundu, duara, laini kama shavu la mtoto. Na bei sokoni imeanguka chali! Mchuuzi alipotaja bei ya kreti nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mke wangu amesema mavuno haya yasipotoa hela ya mbegu za msimu ujao, shamba la marehemu baba yangu tunamkodishia kaka yake, shemeji yangu, aegeshe malori. Shemeji ameshakuja na kamba ya kupimia. Amepima huku anapiga mluzi. Mtu mzima hovyo!

Jumanne, 7 Mei
Habari moto! Ghala la chakula cha msaada, lile linalogawia familia zilizokwama, limepata ufadhili. Linanunua nyanya ambazo maduka yanazikataa kwa sura: zilizopasuka, zilizopinda. Linalipa kuliko soko, ili sisi wakulima wadogo tusitupe mazao. Jirani yangu, mwalimu mstaafu asiyejua hata kushika jembe, ameuza zake zote. Nyufa tupu! Mimi nimezilea zangu kama mayai, na sasa uzuri wake unaniponza. Haki iko wapi?

Jumatano, 8 Mei
Akili imenijia. Nyanya iliyozoea ukavu, ukiimwagia maji mengi ghafla, inapasuka. Nimefungulia mpira wa maji tangu asubuhi. Mke ameuliza nafanya nini. Nimesema nanywesha. Amenitazama kwa jicho lile, akasimama kwenye matuta ya juu na jembe mkononi, akasema nikivuka hapo tutajuana. Sikuvuka. Mimi ni mtu wa amani.

Alhamisi, 9 Mei
Zimepasuka! Nyufa safi kabisa. Moja nimeibusu.
Jioni mvua ikanyesha. Nani aliyeiita?

Ijumaa, 10 Mei
Hizi si nyufa tena, zimefumuka. Zinatoa maji. Inzi wamekuja na ukoo mzima. Shemeji amepita, akaziba pua, akaniuliza kwa upole lori la kwanza lije saa ngapi. Nimejifungia stoo nikalia. Kweli nimelia. Baba alinifundisha kutembea kwenye matuta yale.

Jumamosi, 11 Mei
Mama wa ghala, msimamizi wa lile la msaada, amekuja na gari. Nimemwonyesha nyufa zangu kwa fahari. Ameinama, amenusa, amerudi nyuma. Akasema zilizobaki ngumu atachukua, jikoni kwao watapika mchuzi. Nyingine mbolea. Kisha akayaona matuta ya juu. Nyanya nzima, mvua peke yake haikuzipasua! Akamuuliza mke wangu kwa nini tulinyamaza. Kumbe wafadhili wameongeza fungu, wananunua na mazao mazuri, maana anayepanga foleni ya msaada naye anastahili kumpelekea mwanawe nyanya isiyo na kasoro. Na sehemu ya malipo wanatoa kabla ya kupanda! Mke ametia sahihi mkataba pale pale. Shemeji ameondoka bila mluzi. Nimemshika mke wangu mkono mbele za watu. Shamba limebaki letu!

Jumapili, 12 Mei
Nimeapa, ujanja basi. Kuanzia leo ni jembe tu.

Ila mama wa ghala alidokeza kwamba shamba lenye nyuki linaongezewa malipo kidogo. Nyuki sina. Shemeji anao mzinga mmoja nyuma ya nyumba, na mchana huwa analala fofofo. Nimeshachukua shuka la kitandani. Mke ameuliza nalipeleka wapi. Nimesema naenda kulifua.