Betri ya Mwalimu Joram na Safari ya Siongiroi

Jumatatu, 3 Agosti

Bwana Chege, mwenyekiti wa wazee wa kanisa letu hapa Kedowa, alifika wakati wa chai ya saa nne. Akanywa vikombe viwili, akayasifu maziwa. Kisha akanijulisha, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo, kwamba Jumamosi atalichukua gari langu kupeleka viti vya kwaya Kabianga. Lake linapumzika. Limekuwa likipumzika tangu Pasaka.

Nilikusudia kumkatalia. Nikakohoa, nikajiweka sawa kitini, nikasema: karibu sana.

Jambo la kusikitisha. Jumamosi hiyo hiyo nimemwahidi Mama Magdaline wa kanisani kwetu kumpeleka Siongiroi kumwona mjukuu wake wa kwanza. Tangu marehemu mke wangu anitoke, Mama Magdaline ndiye mtu wa kwanza kuniomba jambo lisilohusu viti. Suti imekwisha kupigwa pasi.

Kusema hapana siwezi. Misheni tulifundishwa kwamba ndugu hakataliwi. Kusema uongo pia siwezi; kwa hilo tulichapwa. Imebaki njia moja. Gari lenyewe limkatalie.

Jumanne, 4 Agosti

Nimeing'oa betri kwenye mfumo. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Nilianza na waya mwekundu, kwa kuwa ulionekana wenye cheo zaidi. Spana ikagusa bodi ya gari. Cheche ikaruka, ikaniunguza mkono wa kulia, nami nikaruka. Spana imebaki na jino kama la panya. Niliomba radhi, sijui kwa nani, kwa kuwa nilikuwa peke yangu.

Baadaye nikakisoma kile kijitabu cha gari. Kumbe injini huzimwa na ufunguo kutolewa. Pete na saa huvuliwa. Huanzwa kwa waya mweusi, yaani hasi, ili spana isipate njia ya kuleta vita. Nao waya hufunikwa usiirudie betri. Kurudisha ni kinyume: chanya kwanza, hasi mwisho. Maelezo mazuri sana. Ningeyapenda zaidi asubuhi.

Nimeondoa mweusi kwa utaratibu, nikaufunga kwa leso yangu safi, ndipo nikaurudisha mwekundu. Pete ya ndoa niliivua, kama ilivyoelekezwa. Kidole sasa kimevimba kwa kuivuta, nayo haitaki kurudi.

Jumatano, 5 Agosti

Bwana Chege alikuja kulijaribu gari. Akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena, akanitazama.

Nikamwambia, kwa masikitiko ya kweli, kwamba halina umeme. Kila neno lilikuwa ukweli. Nililala usingizi mzuri wa mchana kwa sababu hiyo.

Kabla ya kuondoka alikiona kidole changu. Akasema, “Mwalimu, na pete?” Nikamweleza kwamba ni kwa sababu za umeme. Akacheka mpaka akashika ua. “Umeme, eh? Sawa, Mwalimu. Hata mimi niliwahi kupigwa na hiyo umeme.”

Kufikia jioni Kipkurui, jirani yangu mwenye ng'ombe, alikuwa amenipongeza mara mbili na kuniuliza kama Mama Magdaline mwenyewe anajua.

Alhamisi, 6 Agosti

Siku ya aibu. Kwenye maombi ya nyumba kwa nyumba Bwana Chege alisimama, akawaeleza ndugu kwamba gari la Mwalimu limefariki, akaomba tuliinue mbele za Bwana.

Wakaliinua. Wazee wanne na akina mama kumi hivi, wakiwa wamefumba macho, wakiliombea gari ambalo ugonjwa wake ni leso. Mama Magdaline aliomba kwa machozi. Akamkumbusha Mungu jinsi gari lile lilivyopeleka wagonjwa, wajawazito na mbolea. Nilisema Amina. Ningesema nini?

Baada ya chai likaja pigo lenyewe. Bwana Chege alimwambia Mama Magdaline asihangaike. Gari lake limekwisha kupumzika. Viti vitabebwa na trekta. Jumamosi yeye mwenyewe atampeleka Siongiroi, na ana kaseti nzuri za nyimbo.

Mama akanitazama. Nadhani alingoja niseme neno. Nikamshukuru Bwana Chege kwa ukarimu wake.

Ninaandika haya nikiwa nimekasirika sana, ingawa ninamwomba radhi.

Ijumaa, 7 Agosti

Gari sharti lipone leo. Niliamka na nia thabiti. Ufunguo mfukoni, taa zimezimwa, saa nimeivua, glavu za bustani mikononi. Chanya ilikuwa mahali pake na imekazwa. Nikafungua leso, nikausugua waya mweusi kwa brashi kuukuu ya meno, nikaurudisha. Hakuna cheche. Nilijiona mhandisi.

Nilikuwa nimesahau king'ora. Mwanangu Mbuthia alilifungia gari king'ora cha wezi alipokuja kutoka Nakuru. Umeme uliporudi, kiliamka na hasira za siku tatu. Kililia mpaka kuku wa Kipkurui wakapita juu ya ua. Kidude cha kukizimia kimo ndani ya nyumba, na nyumba nilikuwa nimeifunga, kwa ajili ya wezi.

Kipkurui ndiye aliyefika wa kwanza, ana rungu. Akaona matako ya mtu chini ya boneti. Nashukuru kwamba aliitambua suruali. “Mwalimu, toka huko, nilikuwa nimekaribia kukupiga!” Nikamwomba radhi kwa usumbufu.

Wakafuata wengine, na Bwana Chege. Nilipokipata kidude na ukimya kurudi, mtu mmoja akasema: gari limefufuka. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilifungua mdomo nieleze, lakini wimbo ulikuwa umekwisha kuanza.

Bwana Chege hakutaka jambo kubwa kama hili lipotee. Gari hili, akasema, ni ushuhuda. Haliwezi kwenda Siongiroi na watu wawili. Kesho litakwenda Kabianga, limejaa kwaya, watu waone. Yeye mwenyewe ndiye ataliendesha; basi Mama Magdaline ataungana na kwaya, au atakwenda Siongiroi siku nyingine, mtoto hakimbii.

Mama akasema mtoto hakimbii lakini anakua. Kisha akaniuliza mimi, kwa upole, mbele ya watu wote: “Mwalimu, gari ni lako. Unasemaje?”

Nikasema mapenzi ya Bwana yatimizwe. Nikarudi ndani, nikachukua spana.

Jumamosi, 8 Agosti

Kulipopambazuka gari lilikuwa limekufa tena. Mweusi tu, leso ileile. Niliketi barazani na suti yangu, nikiwa na uso wa msiba.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: gari lisipowaka, kwaya itapanda trekta pamoja na viti. Wakishaondoka, ninalifufua, ninampitia Mama Magdaline. Sikuona kasoro.

Kasoro ilikuwa imani yao. Halikuwaka, nao hawakuondoka. Bwana Chege alisema adui amerudi, na kwamba safari hii tutaweka mikono juu ya injini yenyewe. Akainua boneti. Wazee wakanyoosha mikono. Mikono ikabaki hewani.

Pale palikuwa na leso yangu, nyeupe, yenye herufi za jina langu alizozishona marehemu.

Bwana Chege aliitazama kwa muda. Akasema, “Mwalimu, huyu shetani ni msafi sana. Amefunga waya na leso yako.”

Hakuna aliyecheka, isipokuwa Kipkurui.

Mama Magdaline alikuwa amefika na kikapu cha unga wa wimbi na blanketi ndogo ya manjano. Akaniuliza kama niliifunga ili nisimpeleke. Nikamwambia hapana, nilifunga ili nimpeleke. Akafikiri. “Yaani ulishindwa kumkatalia Chege, ukamwachia gari ikukatalie?” Nikakiri. Akasema basi Chege yuko hapa, na mdomo ninao. Yeye Mama yuko tayari kungoja.

Bwana Chege akaniangalia, spana mkononi, bila ubaya wowote. Aliuliza tu: “Nifunge, Mwalimu?”

Nikamwambia, tafadhali, avue saa kwanza. Na asiguse chanya na bodi kwa pamoja. Huo mweusi akaze vizuri lakini asilazimishe. Nikamshikia koti, kidude cha king'ora kikiwa tayari mkono wa pili.

Kwaya ikaenda Kabianga. Mama Magdaline akaenda barabarani, akasimamisha gari la abiria. Kikapu nilimbebea mpaka pale. Aliniachia nikibebe.

Jumapili, 9 Agosti

Sikusimama kwenye ushuhuda. Niliombewa mimi badala ya gari.

Mchana Mama Magdaline alipiga simu. Mtoto ni msichana, ana sauti kubwa. Jumamosi ijayo atahitaji mtu wa kumrudisha Kedowa. Angependa niwe mimi, kwa sharti moja: nimwambie mtu hapana, hata mara moja tu, kabla ya siku hiyo. Nikamwahidi kwa moyo wote.

Saa kumi Bwana Chege akaja kurudisha ufunguo. Akayasifu maziwa. Akasema Jumamosi ijayo kuna mazishi Londiani, na wazee wangelihitaji gari.

Nikakohoa. Nikajiweka sawa kitini.

Nimekubali. Lakini kesho nitaling'oa gurudumu moja la nyuma, la upande wa ukutani, ambalo mgeni mwenye adabu hawezi kuliona.