Shangazi Aliyeshindwa Kukataa

"Wameirudia tena!" Kamera alinyanyua simu yake juu kama mtu aliyekamata mwizi. "Njooni mjionee wenyewe. Ile riwaya ya kale ya Kiingereza, ya bwana mwenye jumba na binti wa fundi saa. Wametoa filamu mpya, na huku wanaipandisha jukwaani vilevile. Mji uleule, mwezi uleule!"

"Ileile?" akauliza Breki.

"Ileile. Mtunzi wake kafa zamani hizo, hata kaburi lake wajukuu hawalijui."

"Basi hao watu wana bahati. Mimi hadithi yangu nikiisimulia mara ya pili mnaniambia, 'Breki, hiyo tumeisikia.' Wao wanasimulia ileile miaka nenda miaka rudi, na watu wanapanga foleni ya tiketi!"

Soga hilo lilipamba moto barazani kwa Mama Pindo, fundi wa nguo, mahali penye benchi moja na kiti cha nyuma cha gari kilichong'olewa kwenye gari lililokwishakufa. Breki alikuwa dereva wa lori mstaafu. Alipewa jina hilo kwa sababu akianza kuzungumza hakuwa nazo. Kamera kazi yake ilikuwa kupiga picha za harusi. Mama Pindo mwenyewe alikaa mlangoni na cherehani yake, hachangii sana, lakini akichangia watu hukaa sawa.

Wa nne alikuwa mwisho wa benchi, kidevu kiganjani, kimya. Huyo ni mwalimu wa sekondari aliyeongoza kikundi cha maigizo, na tangu siku pazia la ukumbi lilipomwangukia mbele ya wageni rasmi, hakuna aliyemwita tena kwa jina alilopewa na wazazi. Alikuwa Pazia, basi.

"Mwalimu, mbona umenuna?" Breki akamgusa kwa kiwiko. "Si ndiyo riwaya yako hii?"

Ilikuwa yake kweli. Likizo nzima Pazia alikuwa akiitafsiri na kuipunguza ili aipandishe jukwaani, na Kamera alikuwa amekubali kuitengenezea filamu papo hapo, kwa wachezaji walewale. Ng'ombe mmoja, maziwa na ngozi. Onyesho lilikuwa mwisho wa mwezi.

"Hebu nikumbushe," Breki akasema. "Huyo bwana anampelekea fundi saa iliyoharibika, anamwona binti, anampenda. Halafu?"

"Halafu anarudi nyumbani," akajibu Pazia kwa uchovu. "Anasimama dirishani. Mvua inanyesha."

"Anamwambia lini?"

"Ukurasa wa mia tatu na ushee."

"Kurasa mia tatu mtu anatazama dirishani! Huyo si mpenzi, huyo ni mlinzi!"

Kamera alicheka mpaka simu ikamponyoka. "Wewe hujui mapenzi ya skrini, mzee. Mimi nataka shavu moja tu, na tone moja la mvua kwenye kioo. Hasemi neno. Ukumbi mzima unalia."

"Jukwaani shavu nani ataliona?" Pazia akainua kichwa, maana hapo alikuwa ameguswa penyewe. "Mtu wa kiti cha nyuma anaona kisogo cha jirani yake. Jukwaani watu lazima waseme."

"Hawasemi, wanapiga kelele."

"Na hiyo mvua ya jukwaani mnaitoa wapi?" Mama Pindo akauliza bila kuinua macho.

"Changarawe kwenye sinia la bati, Mama Pindo. Ukilitikisa utadhani ni mvua kweli."

"Na ya filamu?"

"Mpira wa kumwagilia bustani," akasema Kamera.

"Kumbe wote waongo. Tofauti yenu ni kulowa." Akakanyaga cherehani, kisha akakumbuka jambo. "Ehe, Mwalimu, gauni la yule shangazi wa kitabuni mwenye mali limebaki pindo tu. Mwambie Shangazi yako aje nimpime mara ya mwisho."

Pazia akakohoa. "Hilo gauni... lisubiri kidogo."

Cherehani ikanyamaza. Kamera akageuka. Hata Breki alinyamaza, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Lisubiri nini?" Mama Pindo akauliza.

Ndipo Pazia akatua mzigo wake. Katika kitabu, aliyewazuia wale wawili kuoana alikuwa shangazi wa bwana, mwanamke wa chuma, mwenye kusema neno moja na nyumba nzima ikatetemeka. Pazia hakuwa na haja ya kutafuta mchezaji. Alikuwa na shangazi yake mwenyewe, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, muuguzi mkuu aliyestaafu mwaka uliopita. Enzi zake, wagonjwa wakisikia viatu vyake kwenye ukumbi wa wodi walikuwa wanapona kwa woga.

"Nikasema, hapa duniani hakuna anayejua kukataa kama yeye. Nikampa nafasi. Sasa sikilizeni kinachotokea. Binti anapiga magoti, analia. Shangazi anatakiwa aseme, 'Kamwe! Maadamu ningali hai!' Anamtazama yule binti. Anamwinua. Anamfuta machozi. Anamwambia, 'Haya mwanangu, oaneni basi. Umekula lakini?'"

Baraza lililipuka. Breki aliinama akashika mbavu. Kamera akapiga kiti cha gari kwa ngumi, vumbi likatimka.

"Kila mara?"

"Kila mazoezi! Jana kaongeza jipya, kampa na nauli."

"Kwa hiyo mchezo unaishia wapi?"

"Ukurasa wa arobaini wa mchezo wangu! Nina waigizaji wamevaa wamependeza, na hawana pa kwenda!"

"Mimi nilisema tangu mwanzo," Kamera akajikunjua kibwana mkubwa. "Kata shangazi. Filamu haibebi ukoo mzima. Bwana, binti, mvua, busu kwa mbali, mwisho."

"Usimkate," akasema Breki. "Mfishe. Awe marehemu tangu pazia linapofunguka. Weka picha yake ukutani, kubwa, amekunja uso. Picha haiwezi kumpa mtu nauli."

"Mtu mzima mwenye afya yake umwendee kumwambia kuanzia kesho ni marehemu?" Mama Pindo akamtolea macho. "Wewe Breki! Mwalimu, mwambie ukweli. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Ukweli upi, Mama Pindo? Tangu astaafu alikuwa anakaa pale nyumbani anapanga upya chupa za dawa zisizo na dawa. Sasa anaamka mapema, anaiambia birika maneno ya mchezo. Majirani wote kawatangazia, mpaka muuza maziwa ana tiketi. Nikimtoa, nitakuwa nimemstaafisha mara ya pili."

Kamera alikwangua tope lisilokuwepo kwenye soli ya kiatu chake.

"Basi aende mtu mwingine kumwambia," akasema Breki.

"Nenda wewe."

"Mimi? Mimi mgonjwa wake wa zamani!"

Walikuwa bado wanasukumiana kikombe hicho waliposikia viatu. Ko, ko, ko, vinakuja kwenye saruji bila haraka na bila kuchelewa. Wanaume wote watatu wakasimama kabla hawajajua kwamba wamesimama.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kaeni, si wodini hapa. Breki, ule mguu unaulaza juu ya mto usiku?"

"Naam, Sista."

"Mwongo. Mama Pindo, hujambo? Nimekuja kuvaa gauni langu."

Mama Pindo alilishika gauni kifuani kama mtu aliyekutwa na mali ya wizi. Akamtazama Pazia. Pazia akamtazama Breki. Breki akatazama mawingu.

"Mbona mmekuwa kama chumba cha kusubiria majibu?" akauliza Shangazi.

Pazia akasafisha koo. "Shangazi, kwanza kabisa, mimi na kikundi tunakushukuru sana kwa..."

"Unanitoa."

"Hapana! Yaani... nani kakwambia?"

"Wewe. Miaka yote ile nimewaona madaktari wakijiandaa kumpa mtu habari mbaya. Wote huanza na 'kwanza kabisa'." Akavuta kiti cha Mama Pindo cha akiba, akakaa, mkoba magotini. Hakuonekana kukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Pazia zaidi. "Sikulaumu. Mchezo nauharibu, naona. Yule mtoto wa watu aliyejifunza kurasa zote za mbele namwonea huruma."

"Lakini kwa nini, Shangazi?" Swali lilimtoka Pazia kama la mtoto. "Wewe, wa kushindwa kusema kamwe?"

"Sista, si wewe uliyemrudisha daktari mkuu mlangoni akabadilishe viatu?" akadakia Kamera.

"Nilimrudisha. Vilikuwa vichafu." Kisha akamgeukia mpwa wake. "Ulipomleta mkeo nyumbani mara ya kwanza, nilisemaje?"

Pazia hakulitegemea swali hilo. Jambo hilo halikuwahi kutajwa baina yao. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, Shangazi alitokea tu mlangoni na mfuko wa nepi, akaosha mikono, akaomba apewe mtoto, na maisha yakaendelea kana kwamba hayakuwahi kukatika. Pazia alidhani Shangazi amesahau.

"Ulisema kamwe," akajibu taratibu.

"Kwa sababu gani?"

"Ulisema hajui kutandika kitanda."

Breki aliuma kofia yake asicheke.

"Hajui mpaka leo," akasema Shangazi. "Lakini niliyekataza ni mimi, na aliyekaa mezani peke yake ni mimi. Uliondoka, ukaoa bila mimi. Sahani yako nilikuwa naiweka kila Jumapili, halafu naiosha haijaliwa. Sasa yule binti akipiga magoti pale ukumbini, mimi simwoni yeye. Namwona mkeo, amesimama mlangoni kwangu na kisanduku chake. Maneno ninayo, mwanangu, yote, kutoka la kwanza mpaka la mwisho. Yanapanda vizuri tu. Yakifika hapa," akagusa koo, "yanageuka."

Barabarani mtu alipita anasukuma baiskeli yenye gurudumu linalolia, na wote wakaisikiliza mpaka ikapotea. Breki akapenga kamasi, akalaumu vumbi. Pazia alitaka kusema kwamba yeye pia aliziona zile Jumapili kwa upande wake, kwamba mara mbili alifika mpaka kwenye kona ya nyumba akarudi. Badala yake akachuchumaa mbele ya Shangazi, akamshika mikono juu ya mkoba.

"Basi usikatae."

"Nini?"

"Usikatae. Kubali. Kubali mbele ya ukumbi mzima, ukurasa uleule wa arobaini."

"Mwalimu, umechanganyikiwa?" Kamera akaruka. "Na zile kurasa zilizobaki tuzifanye nini? Wameshaoana! Kumebaki nini tena?"

Mama Pindo alikata uzi kwa meno. "Nyie wanaume wazima, wenye wake nyumbani, mnaniuliza baada ya harusi kumebaki nini?"

Wakatazamana.

"Hao Waingereza," akaendelea, "wamefunga kitabu pale hadithi inapoanza."

"Wallahi!" Breki akapiga paja. "Huyo bwana kazoea dirisha! Sasa kuna mke nyuma yake anauliza, 'Unamtazama nani huko?'"

"Na baba mkwe fundi saa kawaletea zawadi ya saa," Kamera akadaka, macho yameanza kuwaka. "Kila chumba saa, na hakuna zinazokubaliana! Na kuna harusi, jamani. Harusi niachieni mimi, nazipiga nimefumba macho."

"Ndiyo maana vichwa vya maharusi huwa havionekani," akasema Mama Pindo.

Pazia alikuwa amesimama sasa, anatembea kutoka cherehani mpaka benchi na kurudi, uso wake wa kununa umekwisha. Akaona jukwaa lote, akaona na skrini. Kisha akasita. "Lakini mtunzi wake je? Watu watasema tumemharibia."

"Akija kulalamika," akasema Breki, "tutajua mchezo umefana."

"Kuna jingine." Pazia akakuna kichwa. "Mchezo hauendi bila mtu wa kuweka kikwazo. Kitabuni ni shangazi. Huyu wetu akishatoa ruhusa mapema namna hiyo, kazi yake imekwisha. Atakuwa anafanya nini jioni nzima?"

Shangazi alikuwa ameshaingia ndani ya gauni nyuma ya pazia la duka, na sasa alitoka, akasimama mbele ya kioo kirefu cha Mama Pindo. Kola ilimkaa shingoni vilivyo. Mgongo ulinyooka. Waliokuwa barazani, bila kuambizana, wakakaa vizuri.

"Nani kasema kazi yangu imekwisha?" akauliza, akijitazama. Sauti haikukwama popote. "Waoane. Baraka zangu zote nimewapa, na harusi nitasimamia mwenyewe."

Akavuta mkono wa kushoto wa gauni, ukakaa sawa.

"Lakini watakaa kwangu."

Breki akainuka taratibu, akavaa kofia yake kwa heshima zote.

"Mwalimu," akasema, "hapo usiongeze hata nukta. Mimi nakwenda kukata tiketi."

Pazia alicheka. Alicheka mpaka akajiegemeza kwenye nguzo, mpaka machozi yakamtoka, mpaka Mama Pindo naye akaacha sindano akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa.

"Unacheka nini wewe?" Shangazi akamwambia kupitia kioo. "Hilo ni sharti la kwanza tu."